Maji Yanapotoka kwa Unyonge Nyumbani: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Koki inapofunguliwa na maji yakatoka kama uzi, wazo la kwanza linalowajia watu wengi ni kununua pampu. Pampu ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa mengi ya mfumo wa maji, na ikifungwa mahali ambapo tatizo ni kichujio kilichoziba, valvu iliyoachwa nusu wazi au bomba lililojaa kutu, itakula umeme kila siku huku maji yakibaki karibu yale yale. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine: kupima kwanza, kisha kutafuta mahali hasa ambapo maji yanapoteza nguvu, kuanzia kwenye mdomo wa koki na kurudi nyuma hadi kwenye mita au tangi, na ndipo kurekebisha. Sehemu kubwa ya kazi hii mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na ndoo, saa, spana na subira. Pale inapohitajika kumwita fundi bomba, vipimo alivyokwisha kuvichukua vitamwezesha kueleza tatizo kwa uhakika na kuepuka gharama za kubahatisha.

Presha na wingi wa maji

Maneno haya mawili huchanganywa sana, na kuyachanganya ndiko kunakofanya tiba nyingi zikose shabaha. Presha ni nguvu inayosukuma maji. Wingi ni lita zinazotoka kwa dakika. Koki zote zikiwa zimefungwa na maji yamesimama ndani ya bomba, bomba lililobanwa na kutu huonyesha presha sawa na bomba jipya. Tofauti hujitokeza pale maji yanapoanza kutembea, kwa kuwa husuguana na kuta za bomba, na msuguano huo hukua haraka sana kadiri njia inavyokuwa nyembamba na mwendo wa maji unavyoongezeka.

Kutokana na hilo ipo dalili moja ambayo kila mtu anaweza kuitambua bila kifaa chochote. Ikiwa koki ikifunguliwa hutoa maji kwa kishindo kwa sekunde moja au mbili kisha hufifia, presha ipo, ila njia imebanwa mahali fulani. Ikiwa maji hutoka kwa unyonge ule ule tangu mwanzo, inaelekea kuwa presha yenyewe ni ndogo tangu inakotoka. Kabla ya kushika spana, fungua koki kadhaa kwa zamu na uangalie ni dalili ipi kati ya hizi mbili unayoiona.

Presha hupimwa kwa bar, na bar 1 ni takriban psi 14.5. Maji yenye kimo cha mita 10 huzaa presha inayokaribia bar 1, kwa hiyo kila mita moja ya kimo ina thamani ya karibu bar 0.1. Nyumba nyingi zinazopokea maji moja kwa moja kutoka kwenye mtandao wa mabomba ya mtoa huduma hutumika vizuri zikiwa na presha ya kati ya bar 2 na 4. Linganisha na tangi ambalo uso wa maji yake uko mita 3 juu ya shawa: hapo presha ni bar 0.3 tu. Mwenye tangi la namna hiyo akifunga kichwa cha shawa kilichotengenezwa kwa ajili ya presha kubwa, maji yatadondoka kwa unyonge ingawa hakuna kitu chochote kilichoharibika.

Hatua ya kwanza: pima kwa ndoo

Chukua ndoo ambayo una hakika na ujazo wake, tuseme lita 10. Fungua koki moja hadi mwisho, koki nyingine zote zikiwa zimefungwa, na uhesabu sekunde hadi ndoo ijae. Zidisha lita kwa 60, kisha gawanya kwa sekunde. Ndoo ya lita 10 iliyojaa kwa sekunde 60 inamaanisha lita 10 kwa dakika; iliyojaa kwa sekunde 150 inamaanisha lita 4 kwa dakika. Kwa maoni yangu shawa inayotoa lita 8 hadi 10 kwa dakika humtosha mtu, na inaposhuka chini ya 5 usumbufu huanza kuonekana, isipokuwa kichwa chenyewe kiwe kimetengenezwa kwa makusudi ili kubana matumizi.

Pima koki iliyo karibu zaidi na mahali maji yanapoingilia nyumbani, kisha jikoni, bafuni, na ile iliyo mbali kuliko zote. Pale penye maji ya moto na ya baridi, pima kila moja peke yake. Rudia vipimo asubuhi watu wengi wanapotumia maji, na tena usiku sana. Andika kila kitu kwenye karatasi, kwa sababu baada ya kurekebisha utataka kujua kwa hakika kama maji yameongezeka au ni hisia tu.

Hatua ya pili: pima kwa geji

Geji ya presha inayofungwa kwenye koki ya nje yenye nyuzi ni kifaa kidogo, lakini hutoa taarifa ambayo ndoo haiwezi kutoa. Ifunge kwenye koki iliyo karibu na mita, hakikisha hakuna maji yanayotumika popote, kisha soma. Hiyo ni presha ya maji yaliyosimama. Baada ya hapo mwombe mtu afungue koki nyingine ndani ya nyumba huku wewe ukiitazama sindano.

Sindano ikionyesha bar 3 maji yakiwa yamesimama, kisha ikaanguka chini ya bar 1 mara tu koki moja inapofunguliwa, kizuizi kiko kati ya geji na chanzo cha maji: valvu, mita, kichujio kikuu au bomba la kuingilia. Sindano ikishuka kidogo tu ilhali koki iliyofunguliwa inatoa maji haba, basi njia kuu ni nzima na kizuizi kiko mbele zaidi, kwenye tawi linaloelekea kwenye koki hiyo au kwenye koki yenyewe. Ikiwa hata maji yaliyosimama yana presha ndogo, tatizo liko kwenye mtandao, kwenye kimo cha nyumba, au kwenye valvu ya kupunguza presha. Kwa vipimo hivi viwili umekwisha kuondoa nusu ya mambo ya kushuku.

Tatizo likiwa kwenye koki moja

Anza na kichujio kidogo kilichofungwa kwenye mdomo wa koki. Kazi yake ni kuchanganya maji na hewa ili yasirukeruke, lakini wavu wake hunasa mchanga, vipande vya kutu na ukoko wa chokaa, na nimeona koki zikilaumiwa kwa miaka mingi kwa kosa la kijiwavu kisichozidi ukubwa wa sarafu. Ziba tundu la sinki ili vipande visipotee. Fungua kichujio kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa kabla ya kukishika kwa spana ili usikikwaruze. Vipande vya ndani vipange mezani kwa mpangilio ule ule uliovitolea.

Kabla ya kusafisha, fungua koki ikiwa haina kichujio. Maji yakitoka kwa nguvu, mkosaji amepatikana. Loweka vipande katika siki nyeupe kwa saa kadhaa, visugue kwa mswaki wa zamani, vioshe, kisha acha maji yatiririke sekunde chache kabla ya kuvirudisha, ili uchafu uliobaki ndani ya koki utoke. Usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kusafishia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kichwa cha shawa husafishwa kwa njia hiyo hiyo. Kama hakitoki kwa urahisi, kizamishe ndani ya mfuko wa plastiki wenye siki uliofungwa shingoni mwake. Vichwa vyenye matundu ya mpira hufaidika zaidi kwa kusuguliwa na kidole gumba, na vile vilivyopakwa rangi au dhahabu visikae muda mrefu ndani ya siki. Ndani ya shingo ya baadhi ya vichwa kuna kijisahani chenye tundu dogo kinachopunguza maji. Ukiwa na tangi la presha ndogo, badilisha kichwa kwa kile kilichotengenezwa kwa presha ndogo badala ya kutoboatoboa kijisahani hicho.

Maji yakiendelea kuwa haba hata baada ya kuondoa kichujio, shuka chini ya sinki. Angalia kama valvu ndogo ya ukutani imefunguliwa kabisa na kama mpira wa kuunganishia haujapindwa au kubanwa na vitu vilivyosukumwa kabatini. Mipira hiyo huweza kuharibika kwa ndani huku nje ikionekana mizima. Funga valvu, fungua mpira upande wa koki, uelekeze ndani ya ndoo, kisha fungua valvu taratibu: maji yakija kwa nguvu kwenye ndoo, tatizo ni katriji ya koki, yaani kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, yakija kwa unyonge, ni valvu, mpira au bomba lililo nyuma ya ukuta.

Maji ya moto peke yake yakipungua

Maji ya baridi yakiwa mazuri na ya moto yakawa haba katika nyumba nzima, chunguza hita. Maji yenye chokaa huacha ukoko mwingi zaidi yanapochemka, na ukoko huo hukusanyika chini ya hita na kwenye midomo ya mabomba yake. Angalia kwanza valvu ya kuingizia maji kwenye hita, kisha valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo mara nyingi huwa na kichujio chake. Hita zinazochemsha maji yanapopita huwa na wavu mdogo upande wa kuingilia, na wavu huo husahauliwa kabisa baada ya siku ya ufungaji.

Kusafisha tangi la hita kunahitaji uangalifu. Zima umeme kwenye swichi kuu ya hita, au funga gesi, acha maji yapoe, funga maji yanayoingia, fungua koki ya moto ili hewa iingie, kisha toa maji na mashapo kwa chini. Usiwashe hita tena kabla haijajaa, jambo utakalolijua pale koki ya moto itakapotoa maji mfululizo bila kukohoa hewa. Valvu ya usalama inayoachia presha isizibwe wala kukazwa kwa sababu yoyote ile. Hita iliyonyimwa njia ya kuachia presha inaweza kulipuka.

Nyumba nzima ikiathirika

Kabla ya jambo lolote kubwa, tembelea valvu zote kuanzia kwenye mita. Uliza kama kuna mtu aliyefanya matengenezo hivi karibuni, kwa maana valvu iliyofungwa kwa ajili ya kazi na kurudishwa nusu ni chanzo cha kawaida mno cha upungufu unaoanza ghafla. Valvu yenye kishikio kirefu huwa wazi kabisa kishikio kinapolala sambamba na bomba. Valvu yenye gurudumu huzungushwa kinyume na mwendo wa saa hadi mwisho, kisha hurudishwa robo mzunguko ili isigande.

Valvu ya gurudumu ina hila moja inayowapoteza hata mafundi. Ulimi wake wa ndani unaweza kung'oka kutoka kwenye shina na kubaki umeshuka, ilhali gurudumu linazunguka vizuri na kuonyesha kuwa liko wazi. Geji ikikuelekeza mahali hapo, usiridhike na gurudumu, badilisha valvu na uweke ile yenye kishikio. Valvu za zamani zisilazimishwe. Hakikisha kwanza kuwa valvu iliyo nyuma yake inafunga maji sawasawa, kwa sababu ile ya mbele ikivunjika mkononi mwako utaihitaji papo hapo.

Mita nyingi zina kichujio upande wa kuingilia, nacho huziba kwa mchanga hasa baada ya bomba la mtaani kukatika na kuunganishwa upya. Mita kwa kawaida ni mali ya mtoa huduma ya maji na huwa na lakiri, kwa hiyo mwite yeye badala ya kuifungua. Kichujio chako mwenyewe cha nyumba nzima ni rahisi kupima: toa chujio lake, rudisha ganda likiwa tupu, na ulinganishe maji kwa ndoo. Tofauti ikiwa kubwa, chujio limekwisha muda wake au ni dogo kwa matumizi ya nyumba.

Mahali penye valvu ya kupunguza presha, ambayo huwa na umbo la kengele na skrubu juu yake, uchakavu wake unaweza kupunguza maji ya nyumba nzima polepole au kwa siku moja. Kwa valvu nyingi, kuzungusha skrubu kufuata mwendo wa saa huongeza presha. Zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja ukiangalia geji iliyo baada yake. Presha isipobadilika kabisa, kisafishe kichujio chake cha ndani, na kama bado haitii, ibadilishe.

Kutafuta maji yanayovuja

Bomba linalovuja huiba wingi wa maji na pia huongeza msuguano katika njia yote iliyo nyuma yake, hivyo koki za mbele hubaki na masalio. Funga matumizi yote, pamoja na maji yanayojaza tangi, kisha soma mita na usubiri saa moja bila mtu kugusa maji. Kijigurudumu kidogo cha mita kikizunguka, kuna kuvuja. Funga sasa valvu kuu ya nyumba: mita ikiendelea kutembea, kuvuja kuko kati ya mita na valvu hiyo, mara nyingi ardhini, ikisimama, kuko ndani. Kwa upande wa choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na usubiri dakika 15 hadi 20 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa.

Kuvuja kwa lita 1 kwa dakika hufikia lita 1,440 kwa siku. Zaidi ya hasara hiyo lipo jambo linalohusu afya: maji yanapokatika na presha ndani ya bomba ikaanguka, ufa ule ule unaovujisha maji unaweza kuvuta ndani maji machafu ya ardhini. Ndiyo sababu bomba la ardhini linalovuja halifai kuahirishwa, hata kama bili inavumilika.

Mabomba ya zamani na mabomba membamba

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huota kutu kwa ndani baada ya zinki kwisha, na kutu hiyo huvimba hadi tundu la nusu inchi libaki na upana wa penseli. Dalili zake ni upungufu ulioongezeka taratibu kwa miaka, maji ya rangi ya kahawia yanapofunguliwa asubuhi, na kile kishindo cha mwanzo kinachofifia. Hakuna njia ya kuaminika ya kuyasafisha mabomba ya aina hii kwa kemikali ndani ya nyumba, na mimi singemshauri mtu ajaribu katika bomba la maji ya kunywa. Dawa ni kuyabadilisha. Fedha zikiwa haba, anza na kipande kinachobeba maji ya nyumba nzima, yaani kutoka kwenye mita hadi matawi yanapogawanyika, kisha pima tena kabla ya kuvunja kuta za bafu.

Wakati wa kuchagua bomba jipya, kosa moja hurudiwa mara nyingi mno. Bomba la chuma huitwa kwa kipimo kinachokaribiana na tundu lake la ndani, lakini mabomba ya plastiki ya PPR huitwa kwa kipimo cha nje. PPR ya mm 20 ya daraja la presha la PN20 ina ukuta wa mm 3.4, hivyo tundu lake ni mm 13.2 tu. PPR ya mm 25 ya daraja hilo hilo ina tundu la mm 16.6, na hiyo ndiyo inayokaribiana na bomba la chuma la nusu inchi. Anayeng'oa chuma cha robo tatu inchi na kuweka PPR ya mm 20 kwa kudhani kuwa ni kitu kimoja, amepunguza maji yake kwa mikono yake mwenyewe. Kwa presha ile ile, PPR ya mm 25 hupitisha zaidi ya mara moja na nusu ya maji yanayopita kwenye ile ya mm 20. Kwa hiyo njia kuu iwe nene, ya mm 32 au 25 kulingana na idadi ya bafu, na bomba jembamba litumike tu kwa kipande cha mwisho kinachoingia kwenye koki moja. Punguza pia viwiko visivyo vya lazima.

Nyumba inayotumia tangi la juu

Hapa presha hutokana na kimo tu. Pima kwa futi ya kamba kutoka uso wa maji ndani ya tangi hadi kichwa cha shawa. Ukubwa wa tangi hauongezi presha hata kidogo, ingawa wengi hununua tangi kubwa kwa tumaini hilo. Kuinua tangi kwa mita 3 kunaongeza bar 0.3, nyongeza ambayo katika shawa yenye bar 0.3 inazidisha presha mara mbili. Hata hivyo lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1 bila kuhesabu tangi lenyewe, kwa hiyo mnara au dari lazima likaguliwe na mjenzi anayejua hesabu za mizigo.

Kabla ya kuinua tangi, panua bomba la kutolea maji. Katika presha ndogo kila kizuizi huumiza zaidi, na bomba la inchi moja kutoka kwenye tangi hadi bafuni, lenye valvu ambayo tundu lake halijabanwa, mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko mita moja ya kimo. Hakikisha mdomo wa kutolea maji umeinuka sentimeta chache juu ya sakafu ya tangi ili usivute matope, na kwamba tangi lina tundu la kupumulia lenye wavu wa kuzuia wadudu. Tangi lililozibwa kabisa hushindwa kuachia maji kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake.

Hewa inaweza pia kuwa kizuizi ndani ya bomba. Bomba linalopanda na kushuka kama nundu hukusanya hewa kileleni, na presha ya tangi inashindwa kuisukuma. Dalili ni koki inayokohoa kisha kunyamaza, hasa baada ya tangi kukauka na kujazwa upya. Jaza tangi, fungua koki zote za nyumba ukianza na za chini, na ziache hadi maji yatoke bila mapovu. Hewa ikirudi kila tangi linapokauka, bomba lipangwe upya liwe na mteremko mmoja kutoka tangini, au liwekewe valvu ya kutolea hewa kwenye kilele cha nundu.

Presha ya mtandao ikiwa ndogo

Vipimo vya usiku vikiwa vizuri na vya asubuhi vikiwa vibaya, mfumo wako wa ndani hauna kosa. Maji yanagawanywa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Waulize majirani walio kwenye kimo sawa na chako. Wakiwa na hali ile ile, mpelekee mtoa huduma taarifa yenye tarehe, saa na namba za geji, kwa sababu malalamiko yenye namba ni magumu kupuuzwa. Wakati unasubiri, tiba ya uhakika ni tangi la chini linalojaa lenyewe usiku kupitia boya, kisha pampu inayochota kutoka ndani yake.

Pampu, ikiwa vipimo vimeonyesha kuwa inahitajika

Usifunge pampu inayonyonya moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtandao. Huwapokonya majirani maji yao, na inaweza kushusha presha ya bomba hadi livute uchafu kupitia nyufa, uchafu ambao wewe na wao mtaunywa. Mahali pengi jambo hili limekatazwa. Pampu ichote kutoka kwenye tangi.

Ukubwa wake huhesabiwa. Tuseme shawa iko mita 6 juu ya pampu na unataka bar 2 kwenye shawa, ambazo ni sawa na mita 20 za kimo. Ongeza mita 4 kwa ajili ya msuguano wa bomba, unapata mita 30. Kama shawa mbili zitatumika pamoja, kila moja lita 10 kwa dakika, tafuta pampu inayoweza kutoa lita 20 kwa dakika katika kimo cha mita 30. Soma mchoro wa utendaji wa pampu, wala usitegemee namba kubwa zilizoandikwa kwenye kasha: kimo cha juu kabisa hupatikana maji yakiwa hayatembei, na lita nyingi kabisa hupatikana pasipo kimo, kwa hiyo namba hizo mbili haziji pamoja kamwe.

Pampu iwekewe valvu ya kuzuia maji yasirudi, kinga ya kuizima tangi linapokauka, na waya wa ardhini pamoja na kikatizi cha umeme kinachohisi uvujaji wa umeme, kazi ambazo zifanywe na fundi umeme. Ikiwa ina tungi la presha, yaani chombo chenye hewa na mpira ndani yake kinachotunza presha, hewa ya tungi hilo iwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu, kwa tofauti ya bar 0.1 hadi 0.2, na ipimwe pampu ikiwa imezimwa na tungi halina maji. Pampu inayowaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache kwa kawaida huwa imepoteza hewa hiyo. Bonyeza kijivalvu cha hewa cha tungi: yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka na lazima ubadilishwe.

Baada ya kuifunga, rudi na geji kwenye koki iliyo chini kuliko zote, funga koki zote, na usome presha pampu inapozimika. Ikizidi bar 5, shusha kipimo cha kuzimia au weka valvu ya kupunguza presha, kwa kuwa mipira ya kuunganishia na viungo vilivyozoea presha ndogo kwa miaka ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kupasuka. Kisha rudia vipimo vya ndoo kwenye koki zile zile ulizoanza nazo, uandike namba mpya pembeni mwa zile za zamani, na karatasi hiyo ibaki karibu na mita.